Sheria Inaishia Bombani, Dumu Linaendelea na Safari

Katika mtaa mmoja wa Mwananyamala au Tandale, Kinondoni jijini Dar es Salaam, nyumba zinazopakana ukuta kwa ukuta zinaweza kuwa zinatumia maji ya namna nne. Ya kwanza ina bomba la DAWASA, linalotoa siku linapotoa. Ya pili inanunua kwa jirani mwenye kisima: maji ya chumvi, ya kuogea na kufulia, ingawa mwisho wa mwezi mfuko ukikauka hayo hayo huishia kwenye sufuria ya ugali. Ya tatu inamsubiri muuza maji na mkokoteni wake. Ya nne ina simtanki inayojazwa na boza. Mwenye nafasi kidogo huongeza katoni ya maji ya chupa kwa ajili ya kunywa. Mbele ya kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789, maji hayo ya namna nne ni kitu kimoja: yakiitwa ya kunywa, mililita 100 zisiwe na hata bakteria mmoja wa kinyesi aina ya E. coli. Mkaguzi hawezi kuyatazama hivyo, kwa sababu mkono wake unafika kwa wachache tu.

Mjadala wa ubora wa maji jijini huwekwa mara nyingi kama mvutano wa pande mbili. Ukibana viwango, wachuuzi wanafungiwa na watu wanakosa maji. Ukilegeza, watu wanaugua. Kwa maoni yangu mvutano huo umewekwa mahali pasipo pake. Tatizo kubwa la Kinondoni si ukali wa kiwango wala ulegevu wake. Tatizo ni wapi maji yanapimwa, na nani anagharimia kupima. Upimaji unafanyika penye jina, ofisi na mita. Hatari kubwa iko pasipo na hivyo vitatu.

Vyombo vya usimamizi havijapungua. DAWASA inazalisha na kusambaza, na tangu mwaka 2018 imebeba pia kazi iliyokuwa ya DAWASCO. EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006, inapanga bei na kudai taarifa za ubora kutoka kwa mamlaka za maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inatoa vibali vya kuchimba visima, kutumia maji na kumwaga majitaka, kwa mujibu wa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. NEMC inasimamia mazingira. TBS inasimamia viwango na maji ya chupa. Manispaa ina bwana afya wake, anayetumia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Mwenye kiwanda anaweza kupokea wageni kutoka ofisi zote hizo ndani ya robo mwaka moja, kila mmoja na fomu yake. Mwenye mkokoteni anaweza kumaliza miaka kumi bila kukutana na hata mmoja wao, ukiacha mgambo anayemfukuza barabarani.

Kwanza tuulize kwa nini mikokoteni ipo. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini wa mwaka 1976, baada ya upanuzi wa muongo uliopita ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Jumla ni lita milioni 466. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, Kinondoni peke yake ikiwa na 982,328. Ukigawanya, kila mtu anapata kama lita 87, kabla hujatoa maji yanayovuja njiani, yanayotumiwa na viwanda na hoteli, na yanayobaki Kibaha na Bagamoyo. Kwenye karatasi si haba. Lakini mitambo yote miwili inategemea mto mmoja. Mwishoni mwa mwaka huo wa 2022 mto huo, Ruvu, ulipopungua maji, uzalishaji ulishuka hadi karibu lita milioni 300 na jiji likaingia kwenye mgao. Afueni ilitafutwa ardhini, kwenye visima virefu vya Kigamboni. Ilikuwa vivyo hivyo katika ukame wa mwaka 1997, serikali ilipochimba visima vya dharura jijini na watu binafsi wakafuata kwa wingi. Visima hivyo vya dharura havikuondoka dharura ilipokwisha.

Mgao wenyewe ni suala la ubora, jambo linalosahaulika mara nyingi. Bomba lenye msukumo wa kutosha hujilinda: likiwa na ufa, maji hutoka nje. Maji yakikatwa, msukumo ukashuka, ule ufa unaanza kunyonya kilicho nje yake, na katika mitaa ambako mipira ya maji inapita ndani ya mitaro ya majitaka, kila mtu anajua nje yake kuna nini. Kwa hiyo maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi kabisa, yakapita vipimo vyote kwenye matangi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yakafika Kigogo yakiwa na kingine ndani. Nyumba ambayo haijui bomba litatoa lini tena huhifadhi. Maji ya ndoo, mapipa na simtanki yaliyokaa siku tano juani hupoteza klorini. Kila siku ya mgao inaongeza kazi ambayo hakuna mkaguzi aliyepangiwa.

Agosti 2015 hayo yalionekana wazi. Kipindupindu kiliibuka Dar es Salaam, na Kinondoni, ambayo wakati huo bado ilikuwa imeshikana na Ubungo, ndiyo iliyopigwa mwanzo. Ugonjwa ulisambaa karibu nchi nzima, na hadi mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamepita 20,000, waliofariki mamia. Hatua za kwanza zilikuwa za kukataza: vyakula vya barabarani, juisi na matunda yaliyomenywa vilipigwa marufuku, na visima vikatiwa dawa au kufungwa. Mama ntilie alipoteza kipato siku hiyo hiyo. Aliyekuwa anachota kwenye kisima kilichofungwa hakuacha kunywa maji. Alikwenda kisima cha mbali zaidi, au alinunua dumu ambalo hakujua limejazwa wapi.

Kulikuwa pia na jaribio lililopata sifa ndogo kuliko lilivyostahili. Vidonge vikubwa vya klorini vilitiwa moja kwa moja kwenye matangi ya jumuiya na ya wauza maji, badala ya kungoja kila mama atie dawa ya WaterGuard kwenye ndoo yake. Hoja yake ni nyepesi. Tangi moja la lita elfu kadhaa linajaza madumu mamia, na kulitibu tangi hilo ni kazi ya mtu mmoja kwa dakika chache. Kuwashawishi wanunuzi wote wa madumu hayo, kila siku, bila kusahau, ni kazi isiyokwisha. Muuza maji, aliyeonekana kuwa chanzo cha tatizo, hapo akageuka kuwa mlango wa dawa.

Nasisitiza hilo kwa sababu kanuni zetu huzichanganya hatari zisizofanana. Bakteria wa kinyesi wanaua wiki hii. Chumvi inaharibu chai na sabuni haitoi povu, lakini haimlazi mtu wodini kesho. Nitrati na floridi zinafanya kazi polepole, bila ladha na bila harufu. Kuziwekea zote ukali uleule, adhabu ileile na ratiba ileile ni kukimbia swali la kipi kitangulie.

Tanzania iliwahi kulijibu swali hilo kwa uwazi wa kushangaza. Katika mikoa ya kaskazini, hasa Arusha, maji mengi yana floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Inapaka meno rangi ya kahawia na, ikizidi, inapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Miaka ya sabini nchi ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8, ikashusha baadaye hadi 4, na mwaka 2018 ikafika 1.5. Mtu anaweza kusema serikali iliruhusu sumu. Naona waliokaa kwenye ile meza ya mwanzo walikuwa wakweli: kutangaza 1.5 wakati ule kungefanya vyanzo vya vijiji vizima kuwa haramu bila kuwapa wanavijiji tone la badala. Kosa lilikuwa kwenye muda. Kiwango cha muda kisichokuwa na tarehe ya kuisha kiliwazoesha wahandisi, na watoto wa Ngurdoto na Ngaramtoni waliendelea kuota meno ya kahawia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kinondoni haina floridi ya volkano. Ina vyoo. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, na katika mitaa iliyobanana, choo cha shimo na kisima vinaweza kutenganishwa na hatua chache za mchanga. Shimo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Pasipopitika gari huitwa vyura, vijana wanaoshuka shimoni na ndoo. Wengine husubiri mvua kubwa, wakatapisha: wanatoboa shimo, yaliyomo yanaondoka na maji ya mvua kwenda kwa wa bondeni. Kisheria ni kosa. Bei ya gari ndiyo inayoamua.

Ndiyo maana watafiti wa maji ya ardhini jijini wamekuta visima vyenye nitrati inayopita kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 kwa lita, vingine kwa mbali. Ushauri wa kawaida hapa haufai kitu. Klorini haiondoi nitrati. Kuchemsha kunaikoleza, kwa sababu maji yanapungua na nitrati inabaki. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, kwani nitrati inaizuia damu yake kubeba oksijeni. Kisima cha namna hiyo hakihitaji kufungwa; kinahitaji bango la wazi, kwa Kiswahili cha mtaani, lisemalo kuwa haya ni ya kufulia na kuogea, mtoto asinyweshwe. Utaratibu wetu una kisima kinachofaa na kisima kisichofaa. Hauna cha katikati, ilhali nusu ya mtaa inatumia maji ya katikati kila siku kwa akili yake yenyewe.

Kwenye ukanda wa pwani, kuanzia Msasani kupitia Kawe hadi Kunduchi, shida ni nyingine. Huko anayeharibu maji ni pampu. Kisima kinachovutwa kupita kiasi kinaipa bahari nafasi ya kusogea chini ya mchanga, na bahari ikishaingia haiondoki kwa msimu mmoja wa masika. Mwenye nyumba ya wageni mwenye pampu kubwa anaweza kufuata kila kanuni ya ubora ndani ya uzio wake, akachuja maji kwa mtambo wake, huku akitia chumvi kisima cha jirani. Hapo kupima ubora bila kupima wingi ni kazi ya bure. Malalamiko ya wenye visima vya nyumbani kuhusu tozo yalifika hadi bungeni, na Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, akatangaza kuwaondolea mzigo huo. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa mwenye kisima kimoja cha familia. Lakini mabishano yote yalikuwa ya fedha. Hayakugusa sana lile la maana, yaani kisima kiandikishwe bure, mradi kijulikane kipo wapi, kina kina gani, na maji yake yalipimwa lini.

Kuhusu wafanyabiashara, lazima tuwatenganishe. Kiwanda cha maji ya chupa kinauza imani, na alama ya ubora ya TBS ndiyo mtaji wake. Ukali unakifaa chenyewe, kwa sababu unamweka nje mshindani anayejaza chupa uani. Serikali iliwahi kukiri kwamba wasimamizi walikuwa wamekanyagana. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018 ulitaja mrundikano wa vibali, na Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ukahamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda TBS, ili anayefungasha chakula au maji asipimwe jambo lile lile na taasisi mbili. Mjasiriamali mdogo anayepita shirika la viwanda vidogo, SIDO, hupewa alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ni sera nzuri. Ila imetengenezwa kwa mtu mwenye jengo, mashine na lebo. Aliyekuwa akifunga maji ya Kandoro kwenye mifuko midogo na kuyauza kituo cha daladala hakuwa na pa kuingilia, na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilikuja ikimkuta huko huko nje ya mlango.

Muuza madumu naye anauza kubeba. Hesabu yake inaonyesha kwa nini adhabu hazimfai. Uniti moja ya DAWASA ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20, na bei ya nyumbani kwa miaka kadhaa imekuwa karibu shilingi 1,700. Dumu moja bombani ni kama shilingi 34. Likiuzwa mtaani 200, uniti ile ile imekuwa shilingi 10,000. Watu huitaja tofauti hiyo wakimwita mnyonyaji. Lakini ndani yake mna mwenye bomba anayemuuzia, kukodi mkokoteni, matairi, foleni ya alfajiri na mgongo wake. Kipimo cha E. coli kinahitaji chupa isiyo na vimelea, barafu, usafiri hadi maabara kama ile ya Ubungo Maji, na kusubiri takriban siku nzima. Majibu yakirudi, maji yamenywewa na dumu limeshajazwa mara nyingine kadhaa. Kumdai cheti hicho ni kumwambia aache kazi, na akiacha, aliyekuwa hana bomba anabaki hana bomba.

Kipimo kinachomfaa ni kingine: klorini iliyobaki majini. Tembe moja kwenye kichupa cha maji, yakigeuka ya waridi kwa kiasi kinachotakiwa, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kuna ulinzi; yakibaki meupe, hakuna. Dakika chache, pale pale anapojazia. Kwa hiyo ningeelekeza nguvu za usimamizi kwenye vituo vya kujazia: vioski, visima vinavyouza na vituo vya maboza. Vituo ni vichache kuliko mikokoteni, havihami usiku, na kila kimoja kina mwenyewe anayefahamika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye kituo apewe tembe na mafunzo, bwana afya apite bila taarifa, matokeo yabandikwe ukutani. Kijana wa mkokoteni adaiwe mambo mawili tu: ajaze kwenye kituo kinachotambuliwa, na dumu lake lisiwe la mafuta ya gari wala la kemikali.

Hakuna jipya sana katika hilo. Kisumu, katika mitaa ya Nyalenda, kampuni ya maji KIWASCO iliacha kuwafukuza waliokuwa wakiuza maji bila ruhusa, ikawakabidhi baadhi yao mita kubwa na eneo, nao wakasambaza na kukusanya fedha kwa mkataba. Maputo ilikwenda mbali zaidi: mamia ya watu binafsi walikuwa wamechimba visima na kutandaza mabomba pembezoni mwa jiji kabla serikali haijafika, na mwaka 2015 Msumbiji ikatunga utaratibu wa kuwapa leseni. Haikuwa njia safi. Wapo waliolalamika kuwa leseni ilikuwa hatua ya kuwanyang'anya baadaye. Hofu hiyo ipo hata hapa. Mwenye kisima cha Goba aliyewekeza fedha zake wakati hakuna bomba huuliza, na ana haki ya kuuliza, itakuwaje siku DAWASA itakapopitisha bomba mlangoni kwake. Asipojibiwa hatajiandikisha.

Yote hayo ni upole kwa mdogo. Kwa anayemwaga sina upole huo. Mto Mlalakuwa unashuka kutoka upande wa Makongo na Chuo Kikuu, unapita Mwenge na Mikocheni, na unaingia baharini ukiwa umebeba mafuta ya gereji, povu la kuoshea magari, takataka za majumbani na majitaka. Kuanzia mwaka 2012 ulifanyika mradi wa kuusafisha uliowakutanisha watu wasiozoea kukaa meza moja: Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, NEMC, Manispaa ya Kinondoni, shirika la Kijerumani la GIZ, mashirika ya BORDA na Nipe Fagio, na makampuni jirani kama Coca-Cola Kwanza na Nabaki Afrika. Kingo zilisafishwa, vikundi vya kuzoa taka vikaundwa. Makampuni hayakuja kwa huruma tu. Kiwanda kinachotumia maji kina maslahi katika mto uliopo mlangoni pake, na mtaa ulioziba mfereji humfurikia kila mtu. Ushirikiano wa namna hiyo unafanya kazi pale uchafu unapotoka kwa wengi wasio na uwezo. Pale unapotoka kwenye bomba moja la kiwanda kimoja, meza ya mazungumzo inakuwa njia ya kuahirisha. Mto Msimbazi, unaopakana na Kinondoni kule Kigogo na Magomeni, umesomwa na watafiti, ukapigiwa mikutano na kuandikiwa mipango kwa miaka mingi, huku viwanda vya nguo, machinjio ya Vingunguti na mabwawa ya majitaka yakiendelea kuutumia, na mboga za jiji zikimwagiliwa humo humo. Kwa bomba la kiwanda kinatosha kibali cha kumwaga, kipimo kinachochapishwa na faini inayozidi gharama ya kusafisha. Faini ikiwa ndogo kuliko gharama hiyo, mhasibu ataiandika kama matumizi ya kawaida.

Tukirudi kwenye visima, inayoweza kubadilisha hesabu nzima ya nitrati ni kazi ya majitaka. Mtambo wa kuchakata majitaka wa Mbezi Beach ni hatua kubwa kwa upande huu wa jiji, lakini mabomba hayo huanza kupita penye viwanja vilivyopimwa na barabara zilizonyooka. Tandale itabaki na mashimo yake kwa muda mrefu bado. Kwa hiyo shilingi ya umma inayopunguza bei ya kunyonya choo Tandale inaweza kulinda visima vingi kuliko shilingi ile ile iliyotumika kuwapiga faini wenye visima.